Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa: majina yenu hayamo kwenye zamu

Kwenu maaskofu, mapadre, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na wote mliokabidhiwa kundi,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nimeweka salamu zote mbili kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayana dhehebu.

Nyuma ya mlango wa stoo ya kanisa letu, mahali tunapoweka ndoo na mifagio, kuna karatasi imebandikwa. Juu imeandikwa "Zamu ya usafi", chini yake majina yamepangwa kwa wiki. Kila mwanzo wa mwaka tunabandika nyingine. Jina langu limo humo kwa miaka 18 sasa. Nimeona majina yakiingia na kutoka: waliohama, walioolewa mbali, wazee ambao magoti yaliwakatalia, wengine tuliowazika. Ila katika miaka yote hiyo sijawahi kuona jina la kiongozi hata mmoja. Mtu akichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, jina lake hukatwa kwa kalamu wiki hiyohiyo, na sisi tuliobaki kwenye karatasi ndio wa kwanza kumpa mkono wa pongezi.

Kwa muda mrefu sikuona ajabu yoyote. Sasa naiona, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: kwamba kupanda ngazi katika nyumba ya Bwana kumekuwa ni kuondolewa kwenye ndoo.

Siandiki kwa kinyongo. Mama yangu alipokuwa anakata roho, mmoja wenu alikaa nami hospitalini usiku kucha. Hakuhubiri. Alinishikia koti, akaenda kunitafutia maji ya kunywa, akarudi, akakaa. Alfajiri alisaidia kumgeuza mama kitandani, kwa sababu muuguzi alikuwa peke yake wodini. Yule ni mchungaji wangu hadi leo, ingawa alikwisha kuhamishwa. Kwa hiyo najua mnaweza. Ninachouliza ni kwa nini jambo lile limebaki kuwa la usiku mmoja, la mtu mmoja, wakati lilipaswa kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Turudi kwenye chumba kile cha juu. Luka anatuambia kitu ambacho huwa tunakipita haraka: usiku uleule wa karamu ya mwisho, mezani palepale, mitume walikuwa wanabishana ni nani kati yao anayehesabiwa kuwa mkubwa. Jibu la Bwana linajulikana: "Aliye mkubwa kwenu na awe kama aliye mdogo, na mwenye kuongoza kama yule atumikaye." Yohana haandiki ugomvi huo. Anaandika alichofanya Yesu, na anakiandika kama mtu aliyekuwa anatazama kila kitu: akaondoka pale chakulani, akaweka kando mavazi yake, akatwaa kitambaa, akajifunga, akatia maji katika bakuli. Hakumtuma mtu kuleta maji. Alijimiminia mwenyewe.

Lakini tazameni kilichotangulia kitambaa. Yohana anasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na kwa Mungu anakwenda. Na katika sentensi hiyohiyo, bila hata kuvuta pumzi, anasema akaondoka mezani akajifunga kitambaa. Mara nyingi nimesikia likihubiriwa kana kwamba Bwana aliuweka ukuu wake pembeni kidogo ili atuonyeshe mfano, halafu akaurudia. Mimi silisomi hivyo. Mikono iliyokuwa imepewa vyote ndiyo iliyoshika visigino vya watu. Alijua yeye ni nani, na kwa sababu alijua, aliinama. Asiye na hakika na nafasi yake ndiye anayehitaji kuilinda kwa kuketi.

Na miguu ya Yuda ilikuwemo. Yohana anatwambia mapema kwamba Ibilisi alikuwa amekwisha kumtia Yuda moyo wa kumsaliti, na Yuda anaondoka chumbani baadaye, baada ya kuoshwa. Bwana alimjua, akamwosha vidole na unyayo, akamfuta. Hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma kwa dakika kadhaa.

Najua mtaniambia: mbona tunafanya. Ni kweli. Wakatoliki, Waanglikana na wengine huosha miguu Alhamisi Kuu. Waadventista hutawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana, muumini kwa muumini. Mwaka 2013, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko alikwenda katika gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akapiga magoti mbele ya vijana 12 waliofungwa, wakiwemo wasichana na Waislamu, akawaosha na kuibusu miguu yao. Ibada hizi nazipenda. Nimeshawahi kuwa mmoja wa wale 12 wanaoitwa mbele. Ila niseme lililo kweli: siku ile niliiosha miguu yangu nyumbani, nikaisugua kwa jiwe, nikapaka mafuta, nikavaa viatu vipya. Na wenzangu 11 walifanya hivyohivyo. Maji yaliyomiminwa yalitoka kwenye miguu yetu yakiwa safi kama yalivyoingia.

Ngoja niwaambie kuhusu miguu mingine. Kuna mzee ninayemtembelea, amepooza upande mmoja. Zamani aliimba besi kwaya. Nilikuwa nimekwenda kwake mara kadhaa na Biblia. Nasoma, tunaimba ubeti mmoja, naomba, naaga. Siku moja nikiwa naaga nikaona namna anavyoivuta shuka kwa mkono ule mzima kufunika miguu. Nikamwuliza. Alisita sana, kisha akasema kucha zinamwuma, hawezi hata kuvaa soksi, na binti yake anayemwangalia hurudi kazini usiku amechoka. Anaona haya kumwongezea kazi.

Nikafunua. Kucha zilikuwa nene, za njano, ngumu kama pembe. Ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imejikunja na kuingia nyamani. Mkasi haukupenya. Ilibidi nichemshe maji, niyapooze, niiloweke miguu katika beseni karibu nusu saa, nibadilishe maji yalipopoa, ndipo nianze kukata kidogo kidogo, kila kipande kikiruka sakafuni kwa mlio wake. Ile iliyoingia nyamani sikuthubutu kuigusa. Nilimtafutia muuguzi siku iliyofuata. Visigino vilikuwa vimepasuka, na ndani ya mipasuko kulikuwa na uchafu wa miezi, unaotoka polepole kwa kitambaa chenye sabuni. Harufu ilikuwepo. Nilikuwa nimepiga magoti, kichwa changu kiko karibu na magoti yake, na tangu nianze hakuwa amesema neno. Nilipoinua uso nimwulize kama namwumiza, nikakuta analia.

"Mwanangu," akasema, "hii ni miaka mitatu hakuna mtu aliyenishika miguu."

Kanisa lilikuwa limemtembelea mara nyingi katika miaka hiyo mitatu. Tulikuwa tumemwekea mikono kichwani. Jina lake lilisomwa kila Jumapili katika maombi ya wagonjwa. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile, umbali wa hatua moja kutoka kwenye shuka ile, nikimsomea habari za Bwana aliyeosha miguu.

Ndiyo maana siwanyoshei kidole kana kwamba mimi niko nje ya jambo hili. Nimo. Lakini ninyi ndio mnaotupangia njia, na kundi hulisha pale mchungaji anapopita.

Lugha yetu yenyewe inatushitaki. Tunawaita "Mtumishi". Mtumishi amefika, simameni. Mtumishi atakaa hapa mbele. Mpokeeni Mtumishi mkoba. Neno hili lina mzizi wa kutuma: mtumishi ni mtu anayetumwa na kutumika. Mtumishi na mtumwa wametoka tumbo moja, na Paulo anapowaandikia Wafilipi juu ya Kristo, lililochaguliwa katika Biblia yetu ni lile zito zaidi, kwamba alitwaa namna ya mtumwa. Neno shemasi nalo limetufikia kupitia Kiarabu, na mzizi wake wa kale katika Kisiria ni kuhudumu. Majina yote mliyopewa yanawaelekeza kwenye ndoo. Sisi ndio tuliyageuza yakawa ya kuwaketisha, na ninyi mkakubali kuketi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 3, tauni ilipoupiga mji wa Aleksandria, askofu Dionisi aliandika barua inayosimulia jinsi Wakristo walivyowauguza wagonjwa bila kujali hatari, wakawafumba macho waliokufa, wakaosha maiti na kuzizika, kisha wakafuata wao wenyewe kaburini. Na anapowataja waliokufa kwa namna hiyo, anawataja mapadre na mashemasi pamoja na waumini. Viongozi walikuwa kwenye zamu ile.

Mwaka 369 au karibu na hapo kulikuwa na njaa kali huko Kapadokia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Basili, aliyekuwa padre wa Kaisaria na ambaye muda mfupi baadaye alifanywa askofu, aliwakusanya wenye njaa, na rafiki yake Gregori wa Nazianzo anasimulia kwamba aliwahudumia mwenyewe akimwiga Kristo aliyejifunga kitambaa, akitumika pamoja na watumishi wake. Baadaye alijenga nje ya mji mahali pa wagonjwa, wasafiri na wenye ukoma, watu ambao hata ndugu zao waliwafukuza. Basili huyu ndiye aliyewauliza wanaotaka kumtafuta Mungu peke yao jangwani: ukiishi peke yako, utamwosha nani miguu? Nimelibeba swali hilo kwa miaka. Nadhani linawahusu pia wanaoishi katikati ya watu lakini wamewekwa juu mno kiasi cha kutoigusa miguu ya mtu.

Kisha yuko Benedikto wa Nursia, karne ya 6, na hapa ningewaomba mtulie kidogo, kwa maana yeye alielewa jambo la karatasi ya zamu kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Katika kanuni aliyowaandikia watawa wake, ndugu wote wanatumikiana jikoni kwa zamu za wiki. Hasamehewi mtu isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya jumuiya, na walio dhaifu wapewe wasaidizi ili wasifanye kazi kwa huzuni. Anayemaliza wiki yake hufanya usafi Jumamosi. Hufua vitambaa ambavyo ndugu wamefutia mikono na miguu. Kisha yule anayemaliza na yule anayeingia huosha miguu ya wote. Vyombo hurudishwa kwa mtunza ghala vikiwa safi na vizima. Wageni wanapofika, abati mwenyewe, yaani mkuu wa watawa, huwamiminia maji mikononi, na miguu yao huoshwa na abati pamoja na jumuiya nzima. Mtunza ghala naye anaagizwa avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare.

Kama vyombo vya altare! Ndoo yetu ya plastiki yenye mpini uliofungwa waya. Tangu nisome hayo siirushi tena kwenye kona.

Benedikto hakungoja watu wajisikie wanyenyekevu. Aliupa unyenyekevu siku, saa na kitambaa cha kufua, akauweka kwenye ratiba ambayo kila mtu anaiona. Wengi wetu unyenyekevu tumeuacha moyoni, na ukibaki moyoni peke yake, hakuna anayeweza kusema haupo.

Mtanijibu kwa Matendo ya Mitume sura ya 6. Nimeshajibiwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili kwa upole: mitume walisema haifai waliache Neno la Mungu na kuhudumu mezani. Ni kweli walisema. Lakini someni yaliyotangulia na yaliyofuata. Wajane walikuwa wamesahauliwa katika huduma ya kila siku, na malalamiko yalipofika, mitume hawakuyanyamazisha. Kwa ajili ya meza ile walitaka watu waliojaa Roho na hekima, wakawaombea, wakawawekea mikono. Kazi ya kugawa chakula waliipa heshima ya kuwekewa mikono, na mmoja wa wale saba, Stefano, ndiye aliyekuja kuuawa kwa mawe kwa ajili ya Kristo. Sasa tumeichukua sura hiyo tukaifanya cheti cha kutoshika ufagio.

Na Paulo, mtu wa Neno kuliko sisi sote? Aliwaambia wazee wa Efeso kwamba mikono yake ilitumika kwa mahitaji yake na ya waliokuwa pamoja naye. Meli ilipovunjika na wote wakajiokoa hadi kisiwa cha Malta, mvua inanyesha na baridi kali, Luka anasema Paulo alikusanya mzigo wa kuni, akauweka motoni. Watu 276 walikuwa pwani ile. Miongoni mwao mtume, amelowa chapachapa, anaokota kuni.

Liko jambo jingine, nalo ni zito kulisema. Unyenyekevu unahubiriwa kuelekea chini. Sisi tunaofagia tunausikia sana: tumikeni kwa moyo, thawabu yenu iko mbinguni. Namfahamu mlinzi wa kanisa moja aliyekaa miezi minne bila mshahara, na kila alipouliza aliambiwa akumbuke kwamba anamtumikia Mungu. Watoto wake hawakuwa na karo. Yakobo aliandika kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Tafadhali, msitumie jina la huduma kumnyima mtu haki yake. Aliyeosha miguu alijitoa mwenyewe. Hakumlazimisha mtumishi wa nyumba aoshe kisha yeye akahubiri juu yake. Kama kuna dhabihu ya kutolewa, ianzie juu.

Na picha. Mnapokwenda kwa wagonjwa na wenye shida, acheni kamera. Nilimwona mama mmoja akipokea msaada, kiongozi ameshika upande mmoja wa mfuko na yeye upande mwingine, mpiga picha anawaambia waendelee kushika hivyohivyo. Mama aliendelea kushika. Uso aliugeuzia begani.

Ombi langu ni dogo. Andikeni majina yenu kwenye zamu. Simaanishi siku ya uzinduzi, wala ziara yenye fulana mpya na mifagio mipya. Namaanisha wiki ya kawaida, Jumamosi asubuhi, vyoo vikiwemo. Kama si usafi, iwe zamu ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza, au kukaa na mtoto ili mama yake apate kulala kwa muda wa saa mbili. Anayeongoza makanisa 100 hatapata wiki nzima. Apate basi asubuhi moja, lakini irudi, na tuijue.

Nawaonya, tutawazuia. Mkishika ndoo, kuna mtu atakuja mbio kuwapokonya: "Baba, acha, sisi tupo." Atasema kwa upendo, kama Petro aliyesema, "Wewe hutaniosha miguu kamwe." Labda kosa ni letu zaidi kuliko lenu, tumewapenda kwa namna ya kuwanyima kitambaa. Msikubali. Mtulizeni huyo mtu, mpeni ufagio mwingine, mwendelee pamoja. Mimi mwenyewe nina wasiwasi nitakuwa wa kwanza kukimbia kuwapokonya, kwa mazoea ya miaka 18, na nimeomba Mungu anizuie.

Karatasi ya mwaka mpya nimekwisha kuipigia mistari. Zamu yangu ni wiki ya tatu. Chini ya jina langu nimeacha mstari mmoja wazi, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye kitasa cha mlango wa stoo.

Wenu katika Kristo,
Muumini wa zamu ya wiki ya tatu